Kivuruga leza hakimlindi anayevuka barabara: Maelezo kwa wenye magari wa Thika na Ruiru

Mwenye gari anayetumia Barabara Kuu ya Thika kila siku huenda amesikia kuhusu kifaa kidogo kinachofungwa mbele ya gari, karibu na namba ya usajili, ili polisi wasiweze kusoma mwendo wa gari hilo. Kwa Kiswahili kinaweza kuitwa kivuruga leza. Huagizwa kutoka ng'ambo, na wakati mwingine huuzwa kwa jina la kitambuzi cha kuegesha gari. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi, na seti za hali ya juu hupita laki moja.

Makala haya yanaeleza kifaa hicho hufanya kazi vipi, kwa nini hakimpi mnunuzi kinga anayoahidiwa, sheria za Kenya zinamweka wapi anayekitumia, na ni njia gani halali aliyo nayo dereva anayeona ameonewa na kipimo cha mwendo. Yanahusu pia matatu na malori, kwa sababu kidhibiti mwendo kilichochezewa hufanya kazi ileile ya kuficha mwendo kwa njia nyingine.

Polisi hupima mwendo kwa njia gani?

Zipo njia kadhaa, na ni muhimu kuzitofautisha.

Ya kwanza ni rada. Kifaa cha rada hutuma mawimbi ya redio barabarani. Mawimbi yakigonga gari linalosogea hurudi yakiwa yamebadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo linaloonyesha mwendo. Mawimbi ya rada husambaa, hivyo kadiri gari lilivyo mbali ndivyo yanavyoweza kugusa magari mengi kwa pamoja.

Ya pili ni leza, ambayo wengi huiita bunduki ya mwendo. Afisa huilenga gari moja na kubonyeza kitufe. Kifaa hutuma mapigo mengi ya mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 905. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo gari likiwa umbali wa mita 300, mwanga huenda na kurudi kwa sehemu mbili tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Kifaa hupima muda huo na kupata umbali, kisha hurudia tena na tena. Ikiwa umbali umepungua kutoka mita 300 hadi mita 293 kwa robo sekunde, gari linakwenda karibu kilomita 100 kwa saa.

Leza ina sifa mbili zinazowatia madereva hofu. Mwale wake ni mwembamba, takriban mita moja tu kwa upana katika umbali wa mita 300, kwa hiyo afisa anaweza kuchagua gari moja katikati ya msongamano. Tena humaliza kazi kwa chini ya sekunde moja. Kifaa cha kumwonya dereva kwamba kuna leza mbele humfikia akiwa ameshapimwa.

Njia ya tatu ni kamera za kulinganisha muda. Kamera moja husoma namba ya gari mahali fulani, nyingine huisoma tena kilomita kadhaa mbele, na tarakilishi hugawanya umbali kwa muda uliotumika. Ya nne ni ya zamani kuliko zote: gari la polisi hufuata gari jingine kwa mwendo uleule na afisa kusoma kipima mwendo chake.

Kivuruga leza hufanya nini?

Kwa kuwa onyo pekee huchelewa, watengenezaji walibuni kifaa kinachojibu. Vichwa vidogo hufungwa mbele ya gari, na wakati mwingine nyuma, karibu na mahali ambapo maafisa hulenga: namba ya usajili, ambayo hung'aa na kurudisha mwanga vizuri, pamoja na taa kubwa. Vichwa hivyo huunganishwa kwa nyaya hadi kwenye kisanduku cha umeme ndani ya gari. Vikihisi mapigo ya leza, hutuma mapigo yao kuelekea kwa afisa. Bunduki ya mwendo hushindwa kutofautisha mwanga wake na mwanga wa kifaa, na kwa muda mfupi haionyeshi kipimo.

Muda huo ni mfupi kwa sababu hata wauzaji wenyewe humwelekeza mnunuzi apunguze mwendo mara anaposikia kengele, kisha azime kifaa ili afisa apate kipimo cha kawaida. Maana yake ni kwamba baada ya gharama yote hiyo, dereva bado analazimika kukanyaga breki ghafla barabarani, pengine mbele ya lori lililojaa mchanga.

Kwa nini kinga hiyo ina matobo

Kwanza, kifaa hicho hakigusi rada. Rada hutumia redio, na kivuruga hutumia mwanga. Hakiwezi pia kuzuia kamera zinazosoma namba na kulinganisha muda, wala afisa anayefuata kwa gari. Anayekinunua anajikinga na njia moja miongoni mwa nne.

Pili, bunduki za mwendo hazifanani. Kila aina hutuma mapigo kwa mpangilio wake, na aina mpya zimetengenezwa zikijua kwamba vivuruga vipo. Baadhi humwonyesha afisa alama ya onyo kwamba kipimo kimevurugwa. Gari lililotoa alama hiyo huvuta macho kuliko gari lililopita kimya.

Tatu, kufunga kifaa hiki ni kazi ya umeme. Nyaya hupitishwa kutoka mbele ya gari hadi ndani, na kisanduku huunganishwa na umeme wa gari. Kazi ikifanywa na fundi asiye na ujuzi, kiungo kinaweza kulegea, kuingiza maji, kumaliza betri au kusababisha hitilafu ya umeme na hata moto. Mwenye gari anayebadilisha mfumo wa umeme bila kuijulisha kampuni ya bima hujitafutia mgogoro siku ya kudai fidia.

Nne, vichwa hivyo ni leza. Leza iliyotengenezwa kwa viwango vya usalama wa macho huonyesha daraja lake kwenye kibandiko. Kifaa cha bei rahisi kisicho na kibandiko hakimwambii mtu yeyote ni mwanga wa nguvu gani unaoelekezwa usoni mwa mtoto aliyesimama mbele ya gari.

Sheria inasemaje?

Wauzaji hupenda kusema kwamba kifaa hiki ni halali kwa sababu jina lake halionekani katika sheria. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu sheria huangalia pia kitendo na nia.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inafanya kuwa kosa kumzuia kwa makusudi afisa wa polisi anayetekeleza kazi yake kihalali, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Afisa anayepima mwendo yuko kazini. Mtu aliyenunua kifaa, akakifunga na kukiwasha kwa lengo moja tu la kuharibu kipimo cha afisa atapata shida kuieleza mahakama kwamba hakukusudia kuzuia chochote. Aliyekuwa na kosa la mwendo linalolipiwa faini anaweza kujikuta akijibu shtaka zito zaidi.

Vifaa vinavyovuruga mawimbi ya redio, simu au mitambo ya kufuatilia magari vina tatizo la ziada. Matumizi ya vifaa vya redio nchini yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, na vifaa hivyo vinahitaji kuidhinishwa. Kivuruga mawimbi kinachoziba rada au kifuatilia gari hakiwezi kuchukuliwa kama pambo la gari. Wezi wa magari huvitumia vifaa vya aina hiyo ili mwenye gari asijue gari lake liko wapi.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Afrika Kusini inakataza gari kuwa na kifaa cha kutambua au kuvuruga vipimo vya mwendo. Nchini Marekani, majimbo kadhaa, yakiwemo California, Texas na Virginia, yamepiga marufuku vivuruga leza. Nchini Uingereza, madereva wamewahi kufungwa jela kwa kosa la kupotosha mkondo wa haki baada ya kupatikana wakivuruga kamera za mwendo.

Mwendo unaoruhusiwa na faini zake

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni zake zinaweka viwango hivi:

- Kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, kwa magari yote.
- Kilomita 80 kwa saa kwa magari ya uchukuzi wa umma na magari ya biashara.
- Kilomita 100 kwa saa kwa magari madogo ya kibinafsi kwenye barabara ya kawaida, na kilomita 110 kwa saa kwenye barabara iliyogawanywa katikati.

Pale ambapo alama ya barabarani inaonyesha kiwango cha chini kuliko hapo, alama ndiyo inayofuatwa. Dereva anayetoka Nairobi kwenye barabara kuu na kuingia mjini Thika anapaswa kushuka hadi kilomita 50, hata kama barabara mbele yake iko wazi.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zilipanga malipo ya kupita kiwango kama ifuatavyo:

- Kilomita 1 hadi 5 zaidi: onyo.
- Kilomita 6 hadi 10 zaidi: shilingi 500.
- Kilomita 11 hadi 15 zaidi: shilingi 3,000.
- Kilomita 16 hadi 20 zaidi: shilingi 10,000.

Anayepita hapo haingii katika orodha ya makosa madogo, na kesi yake huenda mahakamani.

Ukilinganisha orodha hii na bei ya kivuruga leza, hesabu ni rahisi. Dereva aliyezidisha kilomita 8 kwa bahati mbaya analipa shilingi 500. Anayehitaji kifaa cha laki moja ni yule aliyekwisha kuamua kwamba atapita kiwango kila siku.

Kidhibiti mwendo kilichochezewa

Katika matatu na malori, mwendo huja kufichwa kwa njia tofauti. Magari hayo yanatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kilichowekwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Sharti hilo lilipata nguvu kupitia Tangazo la Kisheria nambari 161 la 2003, lililoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004 wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi. Wengi wanakumbuka "Sheria za Michuki" kwa mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni mwa matatu na kukomeshwa kwa abiria kusimama.

Kidhibiti mwendo husoma mzunguko wa magurudumu au gia kupitia kihisio, kisha huzuia injini isipate nguvu zaidi gari linapofika kiwango kilichowekwa. Vidhibiti vya kisasa pia hurekodi mwendo na kutuma taarifa. Kukichezea ni kukata waya wa kihisio, kuweka swichi ya siri au kukidanganya ili kisome mwendo mdogo kuliko uliopo. Gari likifika kwenye ukaguzi, swichi huwashwa na kila kitu huonekana sawa. Likitoka, huzimwa.

Kifaa cha namna hiyo ni hatari kuliko kivuruga leza, kwa sababu abiria 14 au 33 huwa ndani. Hawakukinunua, hawakijui, na hawana breki mikononi mwao. Kwa gari la abiria au la biashara, kukosa kidhibiti mwendo kinachofanya kazi ni kosa linalotozwa shilingi 10,000 chini ya kanuni za 2016.

Abiria ana njia ya kujua. Simu nyingi zinaweza kuonyesha mwendo kupitia ramani. Matatu inayozidi kilomita 80 kwa saa mara kwa mara kati ya Ruiru na Thika ina tatizo la kidhibiti, hata kama ina stika ya ukaguzi. Abiria amwambie dereva au kondakta kwa heshima na bila kuogopa, achukue namba ya gari na jina la sacco, kisha apige ripoti kwa sacco, kwa polisi au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA.

Dakika sita na mita hamsini na sita

Dereva anayetoka Thika kwenda kazini anaweza kuona haya yote kama ugomvi kati yake na polisi. Hesabu ya barabarani inaonyesha vingine.

Katika umbali wa kilomita 40, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hutumia dakika 30. Likienda kilomita 100 kwa saa hutumia dakika 24. Faida ni dakika sita, na hiyo ni ikiwa hakuna msongamano hata mmoja njiani. Wanaopita Githurai asubuhi wanajua dakika hizo huishia wapi.

Upande wa pili ni umbali wa kusimama. Dereva mwepesi huchukua takriban sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, na gari huendelea kusogea muda huo wote. Kwenye lami kavu, gari lenye breki nzuri hufanya hivi:

- Kwa kilomita 50 kwa saa, husimama baada ya mita 28 hivi.
- Kwa kilomita 80 kwa saa, husimama baada ya mita 58 hivi.
- Kwa kilomita 100 kwa saa, husimama baada ya mita 84 hivi.

Kati ya mwendo wa mjini na mwendo wa barabara kuu pana tofauti ya mita 56. Mtoto anayetokea mita 40 mbele ya gari akitoka shule ya Kiganjo ana nafasi ya kufika nyumbani ikiwa gari linakwenda kilomita 50. Kwa kilomita 100, dereva huwa ametumia mita 28 kabla breki hazijaanza hata kushika. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu mzima anayegongwa na gari kwa kilomita 50 kwa saa ana uwezekano wa kufa wa chini ya asilimia 20, lakini kwa kilomita 80 uwezekano huo hukaribia asilimia 60.

Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, ilibadilisha safari kati ya Nairobi na Thika. Pia ilipitisha magari ya kasi katikati ya maeneo ambako watu hutembea kwa miguu. Hali ni hiyohiyo kwenye barabara ya Thika kuelekea Garissa, inayopita Makongeni, ambako bodaboda, mikokoteni, wachuuzi na wanafunzi wote hutumia kando ya lami. Nchini Kenya, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka barabarani katika miaka ya karibuni, na watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi. Majeruhi wa eneo hili hufikishwa Hospitali ya Thika Level 5 na Hospitali ya Ruiru. Kila majeruhi mahututi huhitaji damu, kitanda na chumba cha upasuaji ambavyo mama anayejifungua kwa shida anaweza kuwa anavihitaji saa hiyohiyo.

Dereva akiona ameonewa

Baadhi ya madereva hutafuta vivuruga kwa sababu hawaamini vipimo, au wamechoka kuombwa kitu kidogo. Malalamiko hayo yana njia yake.

1. Dereva aliyesimamishwa anaweza kuomba, kwa heshima, aonyeshwe kipimo kilichosomwa, mahali alipopimiwa na saa.
2. Sheria ya Trafiki inasema mtu hatahukumiwa kwa kosa la mwendo kwa maoni matupu ya shahidi mmoja kwamba alikuwa anakwenda kasi. Lazima kuwe na ushahidi mwingine, kama kipimo cha kifaa.
3. Anayekubali kosa dogo hupewa notisi na kulipa kupitia njia rasmi. Asimpe afisa pesa mkononi. Anayekataa kosa ana haki ya kwenda mahakamani na kuuliza maswali kuhusu kifaa kilichotumika na afisa aliyekitumia.
4. Akiombwa hongo, aandike namba ya huduma ya afisa, mahali na saa, kisha aripoti kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC.

Kivuruga hakimsaidii dereva katika hatua yoyote kati ya hizi. Kinachofanya ni kumpa afisa mwenye nia mbaya sababu moja zaidi ya kumshika.

Kaunti inahusika wapi?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki, maegesho na uchukuzi wa umma ndani ya kaunti. Upimaji wa mwendo na ukamataji hufanywa na polisi wa trafiki, na barabara kuu za kitaifa ziko chini ya mamlaka za kitaifa, ikiwemo KeNHA. Mkazi anayeona tuta lililoisha, kivuko kilichofutika au taa iliyozimika kwenye barabara ya mtaani anaweza kupeleka taarifa katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Kwa barabara kuu, ofisi hiyo inaweza kumwelekeza anakopaswa kupeleka malalamiko. Vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti ni mahali pengine pa kudai matuta, vivuko na njia za wapita miguu karibu na shule.

Ajali ikitokea, piga 999 au 112. Usimwinue majeruhi kwa pupa ikiwa hakuna moto au hatari nyingine ya papo hapo.

Kwa mwenye gari aliyekwisha kufunga kivuruga, hatua ya busara ni kumpelekea fundi wa umeme anayeaminika akiondoe na kurejesha nyaya zilivyokuwa. Pesa zilizobaki zinatosha kununua matairi mapya na pedi za breki, vitu ambavyo hupunguza mita za kusimama. Kivuruga hakipunguzi hata moja.